Tuvae Nini Siku ya Picha? Habari za Nguo na Picha Zetu

Tumefika mwaka wa kumi tukiwa wazima, na sanduku letu likiwa zima na kufuli zake tatu.

Katika kitabu hiki Katibu ameeleza jinsi tulivyoanza chini ya mwembe, na Mweka Hazina ameandika habari za hisa, mikopo na marejesho. Mimi Mwenyekiti wenu nimepewa kurasa za picha. Wengine walicheka, wakasema picha nayo ina historia gani, mtu si anavaa nguo yake anapigwa basi? Lakini nyinyi mliohudhuria mnajua kwamba habari ya kuvaa nini siku ya picha ilituchukua vikao viwili vizima, wakati bei ya hisa tuliipitisha kwa dakika kumi. Jambo likiwakalisha watu wazima vikao viwili, lina kitu ndani yake. Mie niliishia darasa la saba mwaka 1984, kwa hiyo msitegemee maneno ya chuoni. Nimeuliza wazee, nimesomasoma, na mengine nimeyaona kwa macho yangu.

PICHA YA MWAKA WA TANO

Niruhusuni nianze na kosa langu mwenyewe. Tulipotimiza miaka mitano tuliamua kupiga picha ya kikundi. Ni mimi niliyesimama nikasema lazima tushone sare ya kitenge, gauni la mshono mmoja na kilemba chake, na asiye na sare asisimame kwenye picha maana atatuharibia. Maneno hayo yameandikwa kwenye daftari la mihtasari na siwezi kuyafuta. Kitenge kilikuwa na bei yake na fundi naye alikuwa na bei yake. Wengine walikopa ndani ya sanduku letu hili hili ili washone, yaani tulikuwa tunaweka akiba mkono wa kulia na kuivaa mkono wa kushoto.

Picha ikatoka nzuri, kila mtu akaisifu. Lakini tulikuwa wanachama 26, na ukihesabu vichwa utapata 25. Aliyekosekana ni mwenzetu aliyekuwa akiuza vitumbua stendi, mmoja wa wale tisa wa mwanzo, tena mshika ufunguo wa pili. Siku ile alimtuma mtoto aseme mama anaumwa tumbo. Tukasema pole yake, tukapiga picha. Kumbe hakuumwa. Mwezi ule binti yake alikuwa anaingia sekondari, na fedha ya kitenge ilikwenda kwenye madaftari na godoro. Kukopa kwa ajili ya nguo hakutaka, na kutuomba tumwache avae nguo yake aliona haya.

Miaka miwili baadaye alifariki. Baada ya arobaini yule binti alikuja nyumbani kwangu. Akaniamkia, nikamwitikia, nikampa kigoda. Akaniuliza, "Mama, una picha ya mama akiwa na wenzake wa kikundi? Alikuwa anawataja kila siku." Nikaitoa ile picha. Akapita na kidole uso kwa uso, akafika mwisho, akarudia tena kutoka mwanzo. Kisha akanirudishia, akasema ahsante mama, akaaga. Mie sikuwa na la kumwambia.

Tangu siku ile nikawa najiuliza, hii habari ya nguo kumtoa mtu kwenye picha tumeianza sisi, au tumeirithi? Ndiyo nikaanza kuuliza.

KANIKI, MERIKANI NA LESO

Bibi zetu wa pwani na visiwani katika karne ya 19 hawakuwa na nguo nyingi za kuchagua. Kulikuwa na merikani, nguo ya pamba isiyopaushwa iliyoletwa na meli za Wamarekani, hasa kutoka mji wa Salem katika jimbo la Massachusetts, na ndiyo maana ikaitwa hivyo. Mwaka 1833 Seyyid Said alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na nguo hiyo ikasafiri mpaka bara, huko ikatumika hata badala ya fedha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya mwaka 1861 hadi 1865 vilikata biashara ile, nguo za Uingereza na India zikaingia, lakini jina la merikani likabaki midomoni mwa watu.

Halafu kulikuwa na kaniki, nguo iliyotiwa nili mpaka ikawa nyeusi. Kaniki ilikuwa ya watumwa wa kike na ya maskini. Mwanamke akipita na kaniki hakuna aliyehitaji kuuliza yeye ni nani.

Kanga zilikuja baadaye, kwenye miaka ya mwisho ya karne ile. Wazee wanasimulia kwamba wanawake wa mjini walikuwa wakinunua leso za mkononi zikiwa bado zimeungana kwenye jora, wakikata sita, wakiziunga tatu juu na tatu chini zikawa nguo moja ya kujifunga. Neno leso lenyewe ni la Kireno. Wafanyabiashara wakaona, wakaanza kuagiza nguo iliyochapwa nzima nzima. Za mwanzo zilikuwa na madoadoa kama ndege kanga, jina likashika. Maneno chini ya mji wa kanga yaliongezwa baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa hizi tunazosoma sisi.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitia saini amri ya kufuta utumwa Unguja na Pemba. Lakini masuria walibaki nje ya amri ile mpaka mwaka 1909, na Tanganyika utumwa ulifutwa kabisa kisheria mwaka 1922. Sasa sikilizeni walichofanya wanawake walioachwa huru. Walivua kaniki. Wengi wao walikuwa vibarua na wachuuzi, hawana kitu, lakini kidogo walichopata walinunua kanga, na baadaye buibui, nguo ambazo zamani zilikuwa za mabibi zao. Mtu wa leo anaweza kusema wanapoteza fedha kwa mapambo. Mie nasema hapana. Cheti cha uhuru unakitia kwenye mkoba, kanga inaonekana njia nzima.

Na kaniki haikusahaulika upesi. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, akaingia mjini Unguja akiuza vyungu, akawa mwimbaji mkubwa mpaka mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri. Hata hivyo waliomwonea choyo walimtungia maneno ya kumkumbusha kwamba alikuja mjini na kaniki. Yeye naye akawajibu kwa wimbo, na majibu yake watu wa pwani wanayajua. Fikirini, mtu na sifa zote zile, na bado nguo aliyokujia mjini inasemwa.

PICHA ZISIZO NA MAJINA

Katika miaka hiyo hiyo ndipo mafundi wa picha walipoanza kazi pwani yetu. Unguja kulikuwa na Wagoa kama A. C. Gomes, na Wazungu nao walipiga picha huku na huku, zikachapwa postikadi zikauzwa kwa wasafiri. Nimeziona baadhi ya hizo postikadi. Utaona wanawake wawili au watatu wamesimama na kanga zao, mmoja ameshika mkono kiunoni, wamependeza kweli. Nguo unaiona vizuri, hata maua unaweza kuyahesabu. Lakini chini pameandikwa tu kwamba hawa ni wanawake wa Kiswahili, basi. Jina hakuna. Mjukuu wake akiishika leo hatajua kuwa yule ni bibi yake.

Jambo jingine, msidanganyike na weusi wa picha za zamani. Sahani na filamu za wakati ule hazikuiona rangi nyekundu, zikaitoa nyeusi. Kwa hiyo kanga nyekundu ya harusi kwenye picha inaweza kuonekana kama ya matanga. Bibi wa watu alitoka amewaka, na picha ikamzima.

Baadaye watu wakaanza kwenda studio kwa miguu yao na fedha yao. Unguja fundi aliyeitwa Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930, na miji mingine ya pwani nayo ikapata studio zake. Hapo mambo yakageuka. Sasa mwanamke mwenyewe ndiye anachagua nguo, anachagua na wa kusimama naye, na picha anaondoka nayo, anaitia kwenye fremu ukutani.

SARE ZA NGOMA

Hii sare tunayoipenda hatukuibuni sisi wa vikundi vya akiba. Mama zetu walikuwa nayo kwenye ngoma. Mombasa vikundi vya lelemama vilishindana kwa mavazi na kwa karamu, na gharama yake ilikuwa ni kubwa. Dar es Salaam pia vikundi vya ngoma vya wanawake vilikuwa na viongozi wao na kuchangishana kwao. Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa mwaka 1926, alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kabla hajashika uongozi wa kinamama wa TANU mwaka 1955. Alipotakiwa kuwaleta wanawake kwenye chama aliwaendea viongozi wa ngoma kwanza, na maelfu wakaja. Wanawake wale walikuwa tayari wamezoea kukaa pamoja, kutoa mchango na kuvaa namna moja.

Kwa hiyo sare ina kheri yake. Inamfanya muuza mkaa na mke wa mkubwa wasimame mstari mmoja, mtu asijue nani ni nani. Lakini ina shari yake vile vile, maana isiponunulika kwa wote inakuwa mlango wenye kufuli, wengine ndani na wengine nje. Mimi mwaka wa tano niliifanya kufuli.

DOTI MOJA, WATU WAWILI

Mwaka 1983 nilikuwa na miaka kumi na mitatu, tunakaa kambi ya mkonge, huku kwetu Tanga. Wenye umri wangu mnakumbuka hali ilivyokuwa. Vita vya Kagera vilikwisha mwaka 1979, nchi haina fedha za kigeni, viwanda vyetu vya nguo havipati vipuri. Hata kile cha Urafiki, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa Wachina, hakikuweza kutosheleza mahitaji ya watu. Kanga ilikuwa ya foleni. Mnasikia zimefika duka la ushirika, mnaamka alfajiri, mnapanga mawe kwenye mstari, na saa tano mnaambiwa zimekwisha. Mwaka ule ndio wa msako wa wahujumu uchumi, mtu akikutwa na nguo nyingi ndani anahojiwa.

Kaka yetu mkubwa alikuwa anaondoka kwenda kutafuta kazi Dar es Salaam, na mama akataka apate picha ya nyumbani ya kwenda nayo. Mama alikuwa na doti moja tu nzuri, aliyoipata kwa foleni ya siku mbili. Mama mdogo alikuwa amevaa gauni lililochanika begani, akasema nyinyi nendeni mie nitabaki niwapikie. Mama hakusema neno. Akaingia ndani, akachukua mkasi, akaikata ile doti katikati, maana bado ilikuwa imeungana. Kipande kimoja akajitanda yeye, cha pili akamtupia mdogo wake begani pale penye tundu. Akasema, "Twende. Chakula tutapika tukirudi."

Studio mpiga picha alikuwa na koti limetundikwa msumarini, kila mwanamume anaazima anapigwa nalo, kaka naye akalivaa. Nyuma kulikuwa na pazia lililochorwa bahari na mnazi. Picha hiyo ninayo mpaka leo. Mama na mama mdogo wako na kanga moja, huwezi kujua kwamba mmoja wao alikuwa na gauni lililochanika. Kaka alisafiri na picha ya watu wote wa nyumbani, hakuna aliyebaki jikoni.

Mwaka uliofuata serikali ililegeza masharti ya kuingiza bidhaa, mitumba ikaja kwa marobota, na shida ya nguo ikapungua. Lakini mie somo nilikuwa nimeliona nikalisahau, mpaka yule binti aliponikumbusha.

VIKAO VIWILI

Sasa nije kwenye mwaka huu. Kikao cha kwanza kilikuwa na mapendekezo manne. Vijana walitaka fulana zenye jina la kikundi. Wazee wakasema wao hawasimami na fulana mbele za wakwe. Wengine walitaka kitenge cha kushona tena. Wengine walitaka gauni jeupe kwa kila mmoja. Na wengine walisema kila mtu avae chake, tusisumbuane. Hapo mama mmoja akasema kimya kimya, "Kila mtu na chake, wa chini ataonekana wa chini, na picha haifutiki." Tukaondoka bila kukubaliana.

Kikao cha pili nikasimama, nikawaomba radhi wanachama kwa lile neno la mwaka wa tano, nikawasimulia habari ya binti, halafu nikawasimulia doti ya mama yangu. Wengi hawakuwa wanajua kwa nini mwenzetu yule hakuwepo. Palinyamaza kidogo. Kisha tukaamua hivi. Tununue kanga za aina moja kwa bei ya jumla, na kila doti igawiwe watu wawili. Mtu avae gauni, dera, hijabu au blauzi yoyote aliyonayo, hata ya mtumba, na juu yake ajitande kipande chake cha kanga. Fedha zisitoke mfukoni mwa mtu wala kwenye hisa. Zitoke kwenye mfuko wa faini za wachelewaji, na wachelewaji wetu mnawajua, wametuvika vizuri mwaka huu, Mungu awabariki.

Kuchagua maneno ya kanga kulitaka kuleta vita. Wapo waliotaka fumbo la kuwapiga wale waliosema kikundi chetu hakifiki mwaka. Tukasema hapana, maneno ya kanga yakishapigwa picha yanasema milele, na jirani wa leo mwenye choyo kesho anaweza kuwa mwanachama. Tukapata dukani yenye maneno MWENDA POLE HAJIKWAI, nasi pole pole tunaijua. Rangi ni ya zambarau na njano, pindo pana. Na tukakubaliana namna ya kujitanda, maana kanga ukiikunja vibaya maneno yanaingia ndani. Pindo la chini lipite mbele, maandishi yatokeze.

MASHAURI KWA VIKUNDI VINGINE

Kijana aliyetupiga picha alitufundisha mambo, nayaandika yawafae wengine. Kwanza, msivae weupe mtupu. Kamera inaona mwanga mwingi wa nguo, inapunguza mwanga, na nyuso zetu nyeusi zinatoka giza. Rangi iliyokolea kiasi inafaa zaidi. Pili, mistari myembamba sana inachezacheza kwenye picha za siku hizi, maua makubwa hayana shida. Tatu, msipige picha saa sita mchana, jua la utosini linatia kivuli machoni. Pigeni saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni. Nne, warefu nyuma, wazee wakae vitini, na watu wa umbo kubwa wasisukumwe pembeni kama mizigo.

La tano si la kijana, ni langu. Andikeni majina. Chini ya picha yetu katika kitabu hiki mtaona majina yote kwa mpangilio, kutoka kushoto kwenda kulia, mstari kwa mstari. Sisi hatutaki kuwa wanawake wa postikadi.

La sita, kabla ya kupiga picha hesabuni vichwa. Asipokuwepo mtu, mfuateni nyumbani. Msikubali tumbo linauma bila kwenda kuliona.

Leo tuko wanachama 27. Tulinunua doti 14, yaani vipande 28. Kipande kimoja kikabaki, na hakuna aliyeuliza ni cha nani. Tulimtumia ujumbe yule binti, ambaye sasa ni mwalimu, akaja na basi la asubuhi. Mtamwona mstari wa mbele, wa tatu kutoka kushoto, karibu na sanduku. Jina lake limeandikwa, na pembeni yake limeandikwa jina la mama yake.

Mungu akitujalia mwaka wa kumi na tano, picha itapigwa tena. Kanga zenu zitunzeni, zitafaa.



Mwenyekiti wenu